Vijana wenye ulemavu wa akili katika kikundi cha maigizo: tuwape nafasi gani jukwaani?

MwalimuMoro

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa wale waliowahi kuongoza vikundi vya maigizo ya vijana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Morogoro, na huu ni mwaka wa tatu nikisimamia kikundi cha mtaa chenye vijana 14 wa umri wa miaka 15 hadi 24. Watano kati yao wamejiunga mwaka huu baada ya kumaliza katika kitengo cha elimu maalumu: wawili wana sindromu ya Down, mmoja ana usonji, na wawili wana ulemavu wa akili ambao hakuna daktari aliyewahi kuupa jina. Hawa ndio wanaofika mazoezini kabla yangu, nami huwakuta wamekwisha kufagia ukumbi na kupanga viti.

Ofisi ya kata imetuomba tuonyeshe mchezo tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Niliandika mchezo wa kurasa 18 kuhusu ndugu wanaogombania shamba la marehemu, nikawapa hao watano nafasi ya waombolezaji, yaani wakae mkekani, walie, na waitikie wimbo pale panapohitajika. Katika zoezi la pili, binti mmoja wa miaka 19 alisimama katikati ya ugomvi wa ndugu akaniuliza, "Mwalimu, mimi ninasema lini?" Nilimwahidi kumwandikia maneno, nikamwandikia, lakini kila akifika sentensi ya tatu yanampotea, na wenzake wameanza kuguna. Wazazi wawili nao wana wasiwasi kwamba watoto wao watakwenda kuchekwa mbele ya mtaa mzima.

Je, nimpunguzie maneno, niandike mchezo upya, au niwatengenezee hao watano onyesho lao peke yao? Na katika suala la ridhaa, anayekubali ni mzazi au ni kijana mwenyewe?

MsaniiMstaafu

Mwalimu, pole na kazi. Nilisoma Bagamoyo wakati pale palipokuwa bado panaitwa Chuo cha Sanaa, kabla hakijawa Taasisi mwaka 2007, na nimeongoza vikundi vya vijana kwa muda wa kutosha kuyafanya makosa yote uliyoyataja. Maneno unayomwandikia binti huyo ni yako, na ndiyo maana hayakai kinywani mwake. Umeanza na karatasi halafu ukatafuta watu wa kuijaza. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokwenda kijijini Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawakwenda na mchezo ulioandikwa tayari. Waliwauliza wanakijiji kwanza, ndipo maonyesho yakatokana na majibu yao. Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba, ulifuata mkondo huohuo kwa wasichana wa sekondari, ambao walieleza wenyewe kinachowakwamisha shuleni kisha wakakiigiza. Sioni sababu ya kanuni hiyo kuishia kwa wale wanaojua kusoma.

Nikupe mfano mmoja. Tulikuwa na kijana aliyeweza kushika sentensi moja tu, "Mlango umefungwa," ambayo sijui aliiokota wapi, na aliisema kwa sauti nzito kama ya mlinzi wa ghala. Tuliacha kumfundisha sentensi ya pili. Tulimweka mlangoni pa ofisi ya mtendaji, na kila mhusika mwenye shida, awe mjane, mkulima au mwanafunzi aliyefuata barua, alilazimika kupita kwake: mmoja akabembeleza, mwingine akachomoa noti, wa tatu akamtisha kwa jina la mjomba aliye wilayani, na wote wakajibiwa vilevile. Alipofika mtu wa nne, hadhira ilikuwa inajibu pamoja naye. Maneno yake yalikuwa mawili, naye ndiye aliyekuwa nguzo ya mchezo, kwa sababu kazi ya kubuni njia mpya za kumshawishi iliwaangukia wenzake kila jioni.

Umbo hilo si geni kwetu. Msimulizi akisema "Paukwa!" sote tunajua kwamba tunadaiwa "Pakawa!", na katika ngano wimbo uleule hurudi kila mhusika mpya anapopita njiani. Anzia hapo.

MamaTanga

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naandika kama mzazi. Binti yangu ana sindromu ya Down na ameigiza kwa miaka minne. Mwalimu, usiwaone wazazi hao wawili kuwa ni watu wa kukatisha tamaa. Kwenye vichekesho vya runinga na video za mitandaoni, mtu akitaka kuchekesha kwa njia ya mkato hulegeza mdomo, huvuta maneno na kujifanya taahira, na watoto wetu huyaona hayo na kuyaelewa vizuri kuliko tunavyodhani.

Hata hivyo, kuna kicheko anachotupiwa mtu na kuna kicheko anachokitafuta mwenyewe. Binti yangu aliwahi kuigiza mpishi wa shughuli. Alifunua sufuria, akachungulia, akaifunika tena polepole, kisha akaitazama hadhira bila kusema neno. Watu walipoanza kucheka, alisubiri. Walipokaribia kunyamaza, akafunua tena. Hakuna aliyemfundisha kusubiri kule, na mimi niliyekuwa nimekaa nyuma nikiogopa nilijikuta nacheka kuliko wote.

Kuhusu ridhaa, mzazi aulizwe, lakini kijana aulizwe kwanza, tena si mara moja. Kikundi chetu kilikuwa na picha mbili, moja ya jukwaa na nyingine ya benchi la watazamaji, na kila wiki kila kijana alionyesha anapotaka kuwa siku hiyo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu shirika moja, ambalo sitalitaja, liliwahi kumvalisha binti yangu fulana yake, likamsimamisha jukwaani na wenzake mbele ya wafadhili, wakapigwa picha juani karibu saa nzima, na tulipouliza wataigiza lini tukaambiwa muda umekwisha. Nauli ya kurudi nyumbani tulijilipia. Na hiyo nauli, Mwalimu, ipangie fedha mapema, pamoja na ya msindikizaji, kwa sababu kijana anayekosa mazoezi mara nyingi huwa amekosa tu mtu wa kupanda naye daladala.

MwalimuWaKitengo

Mimi nilipata mafunzo ya elimu maalumu Patandi, Arusha. Naafikiana na MsaniiMstaafu kwa sehemu kubwa, ila nina hofu moja: kiitikio kikiachiwa hao watano, utakuwa umewarudisha mkekani kwenye maombolezo kwa jina jingine. Kiitikio kiwe cha kikundi chote, na kila mmoja wa hao watano awe na jambo lake ambalo lisipotokea mchezo hauendelei.

Mfuatano wa mchezo uchoreni kwenye karatasi za manila, picha moja kwa kila tukio, mzibandike ukutani kwa mpangilio uleule katika kila zoezi. Hata wale tisa watashukuru. Mahali pa kusimama tandika kipande cha khanga, kila mtu na rangi yake, badala ya kusema "sogea kulia". Zoezi la dakika 30 linafaa kuliko la saa mbili, na kijana mwenye usonji awe huru kutoka nje ngoma zinapoanza bila kuomba ruhusa. Mkumbushaji asijifiche nyuma ya pazia akinong'ona. Mpe nafasi ndani ya mchezo, kwa mfano ya mtu mmbeya anayeuliza, "Halafu ikawaje?", swali ambalo humrudisha mwigizaji njiani bila hadhira kushtuka.

Kuna jambo moja la afya ambalo viongozi wengi wa vikundi hawaambiwi. Baadhi ya watu wenye sindromu ya Down wana ulegevu katika pingili za juu za shingo, kwa hiyo sarakasi, kubingirika na kubebwa kichwa chini vikae kando mpaka daktari awe amewapima. Uliza pia kama yupo mwenye kifafa kabla hujakodi taa za kumetameta.

Ukiulizwa na watu wa kata kwa nini usiwape wimbo tu yakaisha, waambie kwamba Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inataka wapewe fursa ya kukuza na kutumia vipaji vyao vya sanaa kwa faida yao na pia kwa kuitajirisha jamii. Hilo la pili ndilo husahaulika kwenye hotuba.

MkaziWaBradford

Nichangie kidogo kuhusu onyesho la peke yao, kwa kuwa sijaona aliyeligusa. Hapa Bradford ninakoishi lipo kundi la Mind the Gap, lililoanzishwa mwaka 1988, ambalo waigizaji wake wana ulemavu wa akili au usonji. Huko Australia, katika mji wa Geelong, Back to Back Theatre, kundi la aina hiyohiyo lililoanza mwaka 1987, lilitunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka 2024 kwa mchango wake wote katika sanaa ya maonyesho, na waigizaji wake hushiriki kuitunga michezo yenyewe. Kwa hiyo kuwa na kundi lao si tusi, mradi wao ndio walioamua. Lakini vijana wako, Mwalimu, walikuja kujiunga na kikundi chenu. Ukiwatenga watajua.

MwalimuMoro

Nawashukuru sana nyote. Jana niliziweka kando zile kurasa 18, nikasimulia kisa kwa mdomo, kisha nikamwuliza kila mmoja angependa kuwa nani. Yule binti akasema anataka kuwa marehemu. Akajilaza mkekani, akajifunika khanga gubigubi, wenzake wakaanza kugombania shamba hapo pembeni yake, na ghafla akainuka akasema, "Nawasikia!" Ukumbi mzima uliangua kicheko, na ugomvi ule, ambao kwenye karatasi ulikuwa unasuasua, ukapata moto, kwa sababu kila alipoinuka ndugu walilazimika kutafuta uongo mpya. Wale waliokuwa wakiguna ndio walioomba turudie.

Tatizo sasa ni mama yake. Jioni alinipigia simu akisema kwamba kumlaza mtoto wake kama maiti ni uchuro, na hataki kulisikia jambo hilo tena. Binti naye hataki nafasi nyingine.

MamaTanga

Mama huyo namwelewa, hata mimi ningekataa. Msimlaze. Mwenye shamba awe shangazi aliyesafiri miaka mingi, ndugu wakamdhania amekufa. Wao wako ndani wanagawana mipaka, naye yuko nje na mzigo wake kichwani. "Hodi!" Hakuna anayeitikia, kwa sababu kelele ni nyingi. "Hodi!" tena. Neno ni moja, na analijua tangu utotoni. Jaribuni hivyo zoezi lijalo, mwalike mama yake akae benchi la mbele, halafu umwangalie binti anapopiga hodi ya tatu kama mama mwenyewe ataweza kujizuia asiitikie "Karibu".