Mafundi kompyuta wa Mwanza, nani aliwafundisha kupiga Windows upya kabla ya kupima?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Wiki mbili nimehangaika na laptopu isiyoshika Wi-Fi, 75,000 imetoka mfukoni, kazi za wateja za miaka mitatu zimefutwa, na chanzo chake ni viwaya viwili vyembamba kama uzi wa kushonea ambavyo fundi alivichomoa akaviacha bila kuvirudisha. Viwaya! Si draiva (programu inayoiendesha kadi ya Wi-Fi), si Windows, si madabodi (ile bodi kuu ya ndani), si mtandao, si mawe ya Mwanza.

Nakaa Mabatini, huku juu kwenye mawe. Kazi yangu ni kuwaandikia watu mahesabu: wauza dagaa wawili wa Mwaloni Kirumba, mama mmoja mwenye mgahawa, na mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wananiletea risiti kwenye bahasha za kaki, nyingine zinanuka dagaa, mimi naingiza kwenye kompyuta. Yule mzee amesajiliwa VAT, kwa hiyo ritani yake ya kila mwezi lazima iingie kwenye mfumo wa TRA kabla tarehe 20 ya mwezi unaofuata haijapita. Bila intaneti sina kazi. Watoto wangu wanakula kwa hiyo laptopu.

Mwanzoni mwa mwezi ilianza kuchemka, feni inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Wenyeji mnavijua vile vijidudu vya ziwani vinavyonyanyuka juu ya maji kama moshi, upepo ukivuta kuja nchi kavu vinajaa kwenye kila chenye mwanga. Mimi hufanya kazi usiku, dirisha wazi kwa sababu ya joto, na nadhani vingi viliishia ndani ya ile feni. Nikaipeleka mjini kwa fundi akaisafishe. Duka silitaji, mtaa siutaji. 15,000. Akaifungua, akapuliza, akafunga. Feni ilitulia kweli, hilo simnyimi.

Nafika nyumbani, nawasha. Wi-Fi inaunganika lakini alama ni moja tu, ile ya chini kabisa. Ruta ipo dirishani, meza yangu ipo ukuta wa pili, katikati hapazidi hatua tano. Nikiibeba laptopu nikaiweka ubavuni mwa ruta, kurasa zinafunguka. Nikirudi mezani zinakatika. Simu yangu ipo pale pale mezani, imeshika ruta ile ile, alama zimejaa, video inatembea bila kusita.

Naomba mlishike hilo la simu, kwa sababu kila niliyemwendea nilimwambia na hakuna hata mmoja aliyelisikiliza.

Nikaanza na huduma kwa wateja wa kampuni ya mtandao. Zima ruta, subiri dakika moja, washa. Nimezima. Nimewasha. Vile vile. Hamia 5 GHz, yale masafa mengine ya Wi-Fi ya ruta, ina kasi zaidi. Nikahamia, jina la Wi-Fi yangu likapotea kabisa kwenye orodha, na baadaye ndiyo nimejifunza kwamba 5 GHz huishiwa nguvu mapema kuliko 2.4 GHz, hasa ikikutana na ukuta. Yaani mtu anakulalamikia kwamba hasikii, wewe unamwambia apunguze sauti. Kisha dada wa kwenye simu akaniuliza nakaa wapi. Nikasema Mabatini. "Ooh, huko kuna mawe mengi, dada, mawe yanazuia mtandao. Jiunge na kifurushi kikubwa." Nikajiunga, 20,000.

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa kwenye haya mawe. Jabali linaweza kweli kukinga mawimbi kati ya mnara na ruta, ndiyo maana huku kuna nyumba zinashika na ya jirani haishiki. Lakini huo ni mguu wa kwanza wa safari. Mguu wa pili ni kutoka ruta hadi laptopu, na huo upo ndani ya chumba changu ambamo hamna hata kokoto. Kama simu inapata intaneti kupitia ruta hiyo hiyo, basi mnara mzima, ruta nzima, kifurushi kizima. Ugonjwa upo kwenye laptopu. Hiyo si elimu ya chuo kikuu, na mtu anayelipwa kupokea simu za wateja alipaswa kuijua kabla ya kuniuzia kifurushi.

Nikampigia fundi. "Dada, hiyo draiva imekufa. Ilete tupige Windows."

Nikamwuliza, asubuhi kabla hujaifungua ilikuwa inashika vizuri, jioni draiva imekufaje?

"Windows zikichoka huwa hivyo."

Nikaipeleka. Najuta hadi leo. 30,000. Nikamwambia waziwazi, ndani kuna kazi za watu. Akaitikia, "Usijali, dada." Jioni nakwenda kuichukua, nafungua, skrini nyeupe kama siku iliyotoka dukani. Hakuna folda. Hakuna faili hata moja. Mahesabu ya 2022, 2023, 2024, majina ya wateja, stoo ya mzee, madeni ya wauza dagaa, vyote hakuna. Namwuliza, ananijibu huku anachati: "Nilidhani una kopi kwenye fleshi."

Ulidhani! Nilikwambia kwa mdomo wangu! Na mnaofanya kazi hii mnajua kwamba Windows ikiwekwa juu ya ile ya zamani bila kufomati, yaani bila kufuta diski, faili za zamani hubaki kwenye folda ya Windows.old kwa siku kumi, mwenyewe akahamisha vyake. Yeye alifuta sehemu zote za diski kwa sababu ndivyo alivyozoea. Na Wi-Fi? Alama moja. Pale dukani alinionyesha inashika kwa sababu ruta yake ipo juu ya meza anayofanyia kazi. Nimefika nyumbani, hatua tano, imekata.

Fundi wa pili. Huyu ana bango kubwa na makoti meupe. 10,000 ya kupima tu. Akachukua kile kijiti cha Wi-Fi cha kuchomeka kwenye USB, akakichomeka, intaneti ikaja imejaa. Akakichomoa, ikarudi alama moja. Akanitazama usoni akasema, "Mama, madabodi yako imekula maji. 150,000. Au nikuuzie hiki kijiti."

Huyu ndiye aliyeniuma kuliko wote, maana jibu alikuwa nalo mkononi. Kijiti kikifanya kazi, maana yake Windows nzima na madabodi inaongea vizuri na USB. Kinachobaki ni kile ambacho kijiti kimekikwepa: kadi ya Wi-Fi ya ndani na antena zake. Angelegeza skrubu akachungulia dakika tano. Hakuchungulia. Alishaona mwanamke mwenye haraka, na bei ikapanda hapo hapo.

Sikuwa na 150,000. Tarehe 17 ilikuwa imefika, mzee ananipigia kila asubuhi, "Binti yangu, tumefikia wapi?" Nami naona haya kumwambia kwamba mahesabu yake yamefutwa. Nikamwomba risiti zake upya. Akaja mwenyewe, kwa miguu, kapanda mlima na bahasha kwapani, hakunigombeza. Nikakaa nazo usiku mbili.

Kijana wa jirani anasoma chuo, mwaka wa pili. Ndiye aliyenisikia nikilalamika ukumbini. Akaniambia, "Anti, kwanza utume kazi ya watu. Chukua waya wa kuchajia simu, chomeka simu kwenye laptopu, halafu washa ile ya kugawa intaneti kwa USB." Dakika mbili, intaneti ipo, haipiti kwenye Wi-Fi ya laptopu kabisa. Ritani iliingia tarehe 20 saa tano usiku. Mafundi wawili na kampuni ya mtandao, hakuna aliyenitajia hilo la waya, wakati hata mtu asiyejua kutengeneza angeweza kunitoa kwenye shimo kwa maneno hayo tu.

Kesho yake akaja kupima. Nataka niliandike hili kwa urefu kwa sababu ndicho nilichokuwa nimelipia wiki mbili nzima bila kukipata.

Alifungua kile kidirisha cheusi cha amri, akaandika netsh wlan show interfaces. Humo kuna mstari wa Signal, unatoa nguvu ya mawimbi kwa asilimia. Ubavuni mwa ruta, 48%. Mezani, 9%. Akaweka simu yangu igawe intaneti, akaigusisha na laptopu, ikapanda. Akarudi nayo nyuma hatua moja, mbili, tatu, ikaporomoka. Halafu akapingi ruta yenyewe, yaani akaitumia vijumbe vidogo aone kama vinarudi, kwenye anwani yake 192.168.1.1, si mtandao wa nje. Kati ya pingi kumi, saba zilipotea, na safari yenyewe ni ndani ya chumba. Mara moja laptopu ikajipa anwani inayoanza na 169.254, akanieleza kwamba hiyo ni kompyuta imekosa kupewa anwani na ruta ikajitungia yake. Akasema, "Anti, draiva inaiona kadi, kadi inaziona ruta zote, ila inasikia vya karibu tu. Hii haina masikio. Nani aliifungua mara ya mwisho?"

Tuliizima, tukachomoa chaji, akafungua skrubu za chini. Kadi ya Wi-Fi ni kitu kidogo, ukubwa wa nusu ya biskuti. Juu yake kuna vitundu viwili vya rangi ya dhahabu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Hapo ndipo vinapokaa viwaya viwili, cheusi na cheupe, vinavyopita kwenye bawaba na kupanda hadi pembezoni mwa kioo, ambako antena zenyewe zimefichwa. Cheupe kilikuwa kimelala chini ya feni, kichwa kimeinama. Cheusi kilikuwa kimebanwa na kifuniko, ngozi imechanika. Vitundu vyote viwili vitupu. Ili kuitoa feni ya laptopu yangu ni lazima uvipishe viwaya hivyo, kwa hiyo fundi alivichomoa kwa mkono wake na akafunga kifuniko juu yake.

Kijana akakinyoosha kile cheupe, akakiweka sawasawa juu ya kitundu, akabonyeza kwa ukucha. Tiki. Cheusi akakizungushia utepe pale kilipochanika, nacho tiki. Tukafunga. Mezani, hatua tano kutoka ruta: 93%.

Nililia. Sioni aibu kusema.

Nilikwenda kwa fundi wa kwanza na picha kwenye simu. Aliitazama akasema hivyo viwaya huwa vinachomoka vyenyewe. Vyote viwili, siku moja, siku uliyoifungua wewe? Wateja waliokuwepo wakaanza kugeuka, akatoa 10,000 akasema tuyamalize. Sikuipokea. Nataka 30,000 ya Windows ambayo sikuihitaji, na nataka aseme mbele yangu kwamba alikosea. Jumamosi narudi na mwenyekiti wa mtaa.

Wewe fundi unayesoma hapa, mteja akikwambia simu inashika na laptopu haishiki, mwulize imefunguliwa lini. Angalia kama kitufe cha alama ya ndege hakijabonyezwa. Pima asilimia karibu na ruta, kisha mbali. Chomeka kijiti chako cha USB, na ukiona kinafanya kazi fungua kifuniko utazame viwaya. Haya yote hayamalizi nusu saa, na hakuna hata moja linalogusa faili za mtu. Ikikulazimu kufomati, toa kopi kwanza, na kama kopi haitoki muite mwenyewe aone kabla hujabonyeza. Yale ni maisha ya watu mliyoyashika, mnayafuta kama mnafuta ubao!

Sasa naomba msaada wenu. Diski ni ile ya zamani ya kuzunguka, 500 GB, si SSD, ile isiyo na kinachozunguka. Kijana ameniambia kila kitu kipya kinachoandikwa humo kinaweza kukaa juu ya kilichofutwa, kwa hiyo baada ya ritani kuingia niliitoa, sijaiwasha tena, nimeifunga kwenye kitambaa ipo kabatini. Natumia SSD ya kuazima. Kama kuna mtu hapa Mwanza aliyewahi kurudishiwa faili baada ya kufomatiwa, na fundi akafanya kazi mbele ya macho yake, aniandikie faragha. Deni ambalo mmoja wa wauza dagaa wangu anawadai wateja wake lilikuwa humo tu, hana daftari, na wanaodaiwa wameshaanza kusikia kwamba limefutika.