MJADALA: Uraibu anaupima daktari au jamii?

Wadau, kila tukizungumzia uraibu kuna hoja hairukwi: ugonjwa ni ugonjwa, vigezo ni vilevile dunia nzima, mambo ya utamaduni yasiingizwe. Mimi napinga.

Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, una vigezo 11 vya kupima uraibu wa pombe au dawa za kulevya. Ukikutwa na viwili ndani ya miezi 12, tayari una tatizo la kiwango kidogo; vikifika sita, ni kali. Sasa visomeni kimoja kimoja. Mwili kuzoea mpaka kiasi cha zamani hakikolezi tena, au arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa kilevi: hayo yako mwilini. Lakini kushindwa kutimiza wajibu? Kuendelea kutumia licha ya ugomvi na watu? Wajibu huo kapanga nani, na ugomvi kaanzisha nani?

Chukueni binti wa nyumba ambayo pombe ni mwiko kabisa. Anakunywa kidogo, mara chache, lakini kila akigundulika ni vita, na haachi. Kigezo cha ugomvi kimeshatimia hata kabla hajaulizwa anakunywa kiasi gani. Halafu mchukueni baba anayeishi na wanywaji wenzake. Anaamka mikono inatetemeka, jasho linamtoka, hatulii mpaka apate ya kwanza. Hagombani na mtu. Mkimuuliza kama pombe imemletea matatizo atasema hapana, na kwa macho ya wanaomzunguka hadanganyi. Huyu ndiye ananitia hofu zaidi, maana arosto ya pombe huweza kuleta degedege na hata kuua.

Waliotunga DSM-5 wenyewe waliliona hili. Walikifuta kigezo cha kuingia matatani na vyombo vya sheria, kwa kuwa kilikuwa kigumu kutumika nchi zote. Wakaweka na usaili wa maswali 16 wa kumuuliza mgonjwa yeye na watu wake wanalielewaje tatizo. Ni mangapi kati ya hayo huulizwa kweli kliniki zikiwa zimefurika?

Najua wapo watakaosema utamaduni utageuzwa kisingizio. Wana haki ya kuhofu, maana "sisi wote tunakunywa hivi" haliponyi ini. Ndiyo maana siombi vigezo vilegezwe. Naomba daktari, kabla ya kuhesabu ugomvi, ajue nani kalalamika na kwa nini. Na pasipo na malalamiko, asidhani pana afya.

Mnaofanya kazi ya ushauri nasaha, nijibuni: ndugu wakimleta mtu na yeye anakataa kwamba anaumwa, mnaanza na maneno ya nani?