Nyie matapeli wa "ajira za madereva wa malori, uzoefu si lazima", mtashiba lini?

Wakuu, leo sina salamu ndefu.

Kila nikifungua magrupu ya madereva nakutana na tangazo lile lile. Picha ya Scania nyeupe, nembo ya kampuni kubwa imenakiliwa hovyohovyo, halafu maneno: madereva wa semi (malori ya trela) wanahitajika, Dar mpaka Lubumbashi, leseni daraja E, UZOEFU SI LAZIMA, mshahara mnono mbali na posho ya safari. Tuma elfu thelathini na tano ya fomu.

Hilo "uzoefu si lazima" ndilo linalonichefua. Kijana katoka kusomea udereva VETA au NIT (Chuo cha Usafirishaji), ada kalipiwa na mama anayeuza mahindi, leseni anayo. Akienda yadi anaulizwa ana miaka mingapi kwenye semi. Hana, anaambiwa akaanze utingo. Tapeli anamsubiri hapo hapo kwenye hilo geti alilofungiwa.

Na fomu ni mwanzo tu. Ukilipa unapigiwa na "afisa rasilimali watu", sauti nzito, anakuita "dereva wetu". Kesho yake hela ya vipimo vya afya. Kisha sare. Kisha kadi ya chanjo ya homa ya manjano ya kuvukia mipaka ya Nakonde (kuingia Zambia) na Kasumbalesa (kuingia Kongo). Kila mara wanasema imebaki moja tu, na ukisita nafasi anapewa mwingine. Mdogo wake utingo wangu walimwambia akaripoti Kurasini. Kakaa na begi nje ya geti la kampuni yenyewe tangu alfajiri, mpaka mlinzi akamuuliza, "Na wewe umetuma hela?"

Hivi nani hapa aliwahi kupewa lori bila kupimwa? Tajiri akukabidhi chombo cha mamilioni na mzigo wa watu, eti kwa sababu umelipia fomu? Unaitwa yadi, unapanda, unarudisha trela nyuma watu wanakuangalia, leseni inahakikiwa, unaleta wadhamini na barua ya serikali ya mtaa. Kama hujagusa usukani na hela imeshatoka, hakuna kazi hapo. Pasipoti unaomba mwenyewe Uhamiaji, unalipa kwa control namba, si kwa namba ya simu ya mtu. Chanjo ndiyo kabisa, sindano haipigwi kwa simu!

Picha za leseni na kitambulisho cha NIDA nazo msiwatumie. Kesho leseni yako ndiyo atakayoonyeshwa mwenzako: "huyu tumeshamwajiri."

Maadmin mnaofuta onyo na kuacha tangazo, mnakula nao? Na nyie wenye makampuni, nembo zenu zinachuna watoto wa watu na mko kimya. Gharama gani kubandika getini na kwenye kurasa zenu kwamba hamtozi mtu hata mia? Mkitaka kuwamaliza kabisa hawa wezi, safari za mwanzo wapandisheni vijana kwenye malori ya madereva wakongwe wapate huo uzoefu mnaoudai.

Aliyeombwa hela aitume namba ya tapeli kwenda 15040, ndiyo ya kuripoti utapeli wa simu, hata kama hela yake haitarudi. Halafu aweke hapa chini tangazo lenyewe tulione. Mods, uzi huu msiuunganishe na mwingine.