Kinjeketile mkweli au king'ang'anizi?

Mwalimu wa Wete:
Assalaam alaykum. Nasomesha Kiswahili skuli moja huku Wete. Kidato cha tatu tunaigiza Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein (1969) juu ya kiongozi wa Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, na tumekwama onyesho la mwisho. Kijana anayemcheza Kinjeketile kagoma. Mistari anaijua yote, ila anasema haimwingii.

Hoja yake: Kinjeketile yumo gerezani, kapigwa mpaka basi. Mjerumani anataka neno moja tu, akiri kuwa yale maji aliyowapa watu, ya kuwakinga na risasi, ni uongo. Kitunda, sahibu yake, anambembeleza aseme. Na watu wamekwisha kumalizwa na bombomu, yaani bunduki za rashasha, pale Mahenge. Bado hasemi. "Ticha, si ndio uongo wenyewe huo?"

Nilimjibu juu juu. Usiku sikulala.

Mzee wa Mkoani:
Waalaykum salaam. Mwambie atazame Kinjeketile anaogopa nini. Kamba ya kunyongwa haiogopi. Anaogopa kesho Mjerumani awaambie wajukuu kwamba babu zao walikosea kupigana. Maji na kupigana ni mambo mawili, lakini yule afisa kayafunga kitita kimoja. Kulikana moja ni kuyakana yote.

Ukhti Ng'ambo:
Mimi niko na kijana. Wajane wa Mahenge nani atawajibu? Shaka alikuwa nayo mapema, tangu alipoambiwa kuwa pepo Hongo, alipompanda, alimsemesha kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Huyo kafa 1856, vita vya 1905! Kumbe anatolewa kwa bwana mmoja anapelekwa kwa mwengine. Angelikaza pale.

Mwalimu wa Wete:
Ukhti, hapo kwa Seyyid Said darasa zima lilicheka, kama anatajwa jirani yao. Lakini kukaza alikaza: aliwataka wasubiri, waungane kwanza. Hawakumsikiza. Neno lilikuwa limeshamzidi mwenyewe aliyelizaa. Ndiyo maana Mzee nimekuelewa, ingawa suala la wajane bado linanikaa kooni.

Leo tumejaribu tena. Nimemwambia asipaze sauti kama khatibu (ndivyo wanavyopenda, wote), amtazame Kitunda kwanza, kimya, muda mrefu kuliko anavyodhani inafaa. Kajibu kwa sauti ya chini kabisa. Anayecheza Kitunda akasahau mstari wake.