Naomba ushauri: binti wa miaka 9 kuhamia shule ya Kiyahudi ya lugha mbili (New Jersey), Kiswahili chake kitapona?

MamaTatu_NJ
Habari za jioni wakuu. Usingizi hauji. Binti yetu yuko darasa la tatu shule ya serikali hapa New Jersey. Baba yake ni Myahudi, anataka Septemba aingie la nne kwenye shule ya Kiyahudi, chekechea hadi la nane. Nusu ya siku Kiebrania, nusu Kiingereza. Nyumbani mimi namsemesha Kiswahili. Lugha tatu hazitamchanganya? Barua pepe ya kukubaliwa iliingia Jumamosi, tumepewa wiki mbili kujibu. Nawasilisha.

Babu Karanga
Watoto wa Bukavu wanakua na Kimashi, Kiswahili na Kifaransa, na hawajawahi kukosea chenji kwa lugha yoyote. Ogopa ada.

Daftari
Kuongea hakutamsumbua. Maandishi ndiyo kazi. Herufi ni 22, tano kati yake hubadilika umbo zikiwa mwisho wa neno, na irabu ni vialama vinavyowekwa hasa chini au juu ya herufi. Kinachowaangusha wanaoingia la nne ni kitu ambacho wazazi hawakitegemei: mtoto anajifunza herufi za chapa kwa simu kiangazi kizima, Septemba mwalimu anaandika ubaoni kwa mwandiko wa mkono, ambao una maumbo mengine kabisa. Mtoto anasoma kitabu lakini ubao hausomi. Kwa hiyo anza na yote mawili kwa pamoja, dakika 20 kwa siku, siku tano kwa wiki. Zitenganishe zinazofanana: bet na kaf, dalet na resh, he na het. Usimfundishe herufi mbili za jozi moja siku ileile, atazikoroga.
Na uliza kama wana ulpan, yaani kikundi cha wageni wa lugha kinachotolewa nje ya darasa. Kama hawana, atakaa nyuma ya somo la Torati akitabasamu tu.

Pwani Raha
Kwani Kiebrania ni binamu wa Kiarabu, na Kiswahili kimekopa namba kwa Kiarabu. Saba ni sheva, tisa ni tesha, thelathini ni shloshim. Hesabu anazo nusu tayari.

Shangazi Uzi
Mnajibu kabla ya kuuliza. Dada, shule ni ya mrengo gani? Na wewe mwenyewe ni Myahudi? Fomu nyingi huuliza jina la Kiebrania la mama.

MamaTatu_NJ
Ni shule ya jumuiya, yaani haifungwi na mrengo mmoja, si ya Orthodox, wale washika sheria kwa ukali. Hayo mengine sioni yanahusiana vipi na lugha. Hisabati yao ni nzuri, madarasa ni madogo.

Mzee wa Nidhamu
Mtoto hufuata dini ya baba. Mwisho wa mjadala. Mama atulie.

Shangazi Uzi
Kwetu, sawa. Sheria ya Kiyahudi inafuata mama. Orthodox na Conservative, mrengo wa katikati, wanashika hapo. Reform wa Marekani, mrengo uliolegeza zaidi, ndio waliokubali mwaka 1983 mtoto wa baba Myahudi ahesabike, kwa sharti kwamba alelewe Kiyahudi na ionekane kwa matendo. Ndiyo maana nauliza. Dada?

MamaTatu_NJ
Haya. Mimi ni Mlutheri, sijabadili na sitabadili. Binti alibatizwa Moshi akiwa na miezi minne, na kila Jumapili anaimba kwaya ya watoto kwenye ibada yetu ya Kiswahili. Kwenye fomu, penye swali kama analelewa katika dini nyingine, mume wangu aliacha wazi. Lakini wote tunamwabudu Mungu wa Ibrahimu, na mtoto anapenda kuimba. Sioni tatizo.

Babu Karanga
Kumbe swali la lugha lilikuwa kanga, mwili uko ndani.

Kipima Joto
Samahani, hii ni chai, tena ya maziwa. Shule ya Kiyahudi imetuma barua pepe JUMAMOSI? Siku ya Sabato ofisi imefungwa, kompyuta haiguswi. Na akaunti imefunguliwa leo. Mnamwandikia insha mtunzi wa hadithi.

Mzee wa Nidhamu
Nilijua tu.

Pwani Raha
Hata la Mlutheri wa Moshi aliyeolewa na Myahudi lilinitia shaka.

Daftari
Kipima Joto, saa ni muhimu. Sabato inaisha nyota tatu zikionekana. Mwezi huu wa pili New Jersey jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo saa moja usiku Sabato imeshatoka. Dada, iliingia saa ngapi?

MamaTatu_NJ
Saa mbili na dakika kumi usiku. Na Moshi wapo walioolewa na watu wa kila aina, ulizeni.

Kipima Joto
Saa mbili inapita. Nafuta nusu ya maneno.

Shangazi Uzi
Turudi. Shule nyingi za jumuiya hupokea mtoto mwenye mzazi mmoja Myahudi, kwa hiyo wewe kuwa Mlutheri huenda kusimsumbue mtu. Nafasi iliyoachwa wazi ndiyo itawasumbua. Pigeni simu wenyewe kabla ya kusaini. Kwaya ikigundulika Krismasi kwenye picha, mtaonekana mlificha. Ulizeni mambo mawili: atashiriki sala ya asubuhi kama wengine? Na darasa la sita na la saba, ambapo karibu kila wiki kuna mwenzao anasherehekea bat mitzvah, yaani msichana kufikia umri wa kushika dini, yeye atakuwa na nafasi gani? Sinagogi ya baba ikiwa ya Conservative, hataitwa kusoma Torati bila kuongoka: mbele ya baraza la watu watatu na kuzamishwa mikve, bwawa la utakaso. Ubatizo haubadilishi hesabu hiyo. Hapo ndipo mtoto wa miaka 12 huumia.

MamaTatu_NJ
Miaka 12 ni mbali. Na ukweli ni kwamba jana nimeshalipa amana, dola 1,500.

Babu Karanga
Anaomba ushauri na risiti mkononi.

Daftari
Amana kwa kawaida hairudi, ichukulie imekwenda. Kubwa ni mkataba. Tafuta tarehe ambayo baada yake mnadaiwa ada ya mwaka mzima hata mtoto asipoingia. Kulipa kwa awamu hakupunguzi deni hilo. Msaada wa ada ombeni kabla ya kusaini, watataka fomu za kodi zenu wote wawili. Fomu ya basi mwisho ni Machi 15: wilaya huhudumia shule binafsi isiyo ya faida hadi maili 20, au hukupeni fedha badala yake.

Pwani Raha
Na chakula? Ugali na samaki anaweza kubeba?

Daftari
Shule nyingi hukataza nyama toka nyumbani. Samaki lazima awe na mapezi na magamba, kwa hiyo sato sawa, kambale hapana. Hata hivyo sufuria ya nyumbani si kosher, yaani haifuati sheria ya chakula ya Kiyahudi, uliza kwanza. Wakati wa Pasaka ya Kiyahudi ugali usitajwe: Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, wengi hawali mahindi wiki hiyo.

MamaTatu_NJ
Mkataba unasema Mei 1. Nitapiga simu Jumatatu. Kwaya haachi, hilo msinishauri. Ila binti amesoma hapa begani kwangu, anauliza: elfu kwa Kiebrania ni nini?

Pwani Raha
Elef. Mia ni mea.

Babu Karanga
Basi ada ataisoma bila mkalimani.