Amenipokonya chaki mkononi mbele ya ukumbi mzima

Ndugu zangu, ninaandika mkono ukitetemeka, kwa kuwa nimetoka ukumbini sasa hivi na hata maji hayapiti kooni. Yule bwana mnamfahamu nyote. Akipaza sauti hapa Kampemba, Lubumbashi, mbuzi wa mji wa jirani wa Kipushi huacha kula. Nilikuwa ubaoni nikieleza kazi ya ONERA, maabara ya taifa ya Ufaransa ya utafiti wa anga, iliyoundwa mwaka 1946 na inayosimamiwa na wizara ya majeshi. Akainuka, akanipokonya chaki, akasema: "Binti, ninyi wa Katanga ni watu wa kuchimba. Mambo ya ndege waachieni wenyewe."

Chaki, jamani! Sentensi ilikuwa haijafika nusu.

Katika maelezo yangu nilikuwa nimefika Modane, katika milima ya Alpi, kwenye handaki la upepo lenye kipenyo cha mita 8, ambalo feni zake huzungushwa na maji yaporomokayo kutoka mlimani hadi upepo ukaribie mwendo wa sauti. Humo hupimwa mifano ya ndege za abiria na za kivita, kwa sababu hewa inayolipinga bawa haiulizi rubani amevaa sare gani. Baada ya hapo ningeeleza GRAVES, rada iliyobuniwa na maabara hiyo, ambayo tangu mwaka 2005 inalisaidia jeshi la anga kufuatilia satelaiti zinazopita juu ya Ufaransa, zikiwemo za kijasusi. Sikufika huko. Chaki alikuwa nayo yeye.

Na hayo ya kuchimba! Aloi nyingi (metali zilizochanganywa) za mapanga ya turbini za ndege huwa na kobalti, madini tunayochimba hapa kwetu Katanga, ili zistahimili joto kali. Vita vya Kolwezi, mji wetu wa migodi, vya mwaka 1978 viliipandisha bei ya kobalti duniani kote, hata wahandisi wa Marekani wakaanza kutafuta aloi zinazoihitaji kidogo. Ningemwambia hayo usoni, lakini alinipokonya chaki, akairudisha mfukoni mwake kana kwamba ni mali ya babu yake!

Mwana Katuba: Pole sana, yaya. Mimi alinifukuza kwa kuuliza swali moja tu kuhusu injini.

Fundi wa Ruashi: Dada, mdomo ulikuwa nao. Rada huelezwa bila chaki.

Mwenye uzi: Mchoro wa rada nitauchora kwa ulimi? Kinachorusha mawimbi kiko upande mmoja wa nchi, kinachoyapokea kiko mbali kusini.

Baba Mapacha: Mimi kinachoniuma ni kingine. Kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ilirusha roketi hapa hapa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1977 na 1978, kisha shughuli zikasimamishwa mwaka 1979. Wanangu hawajawahi kufundishwa habari hiyo hata siku moja.

Mwana Katuba: Tata, watafundishwa wapi? Shuleni kwetu hakuna umeme tangu Jumatatu, na Wafaransa wanazungusha upepo kwa maji ya mlimani.

Fundi wa Ruashi: Hata huku Ruashi umekatika. Ninaandika kwa betri ya jirani.

Mwenye uzi: Ndugu zangu, tulikuwa tunazungumzia chaki.

Baba Mapacha: Kamalondo ulirudi saa mbili usiku, ukakatika tena saa tatu.