Diwani kakataa zahanati mpya, anataka hela ikanunue dawa. Mko upande gani?

Wakuu habari za mchana. Huku kwetu halmashauri ya vijijini diwani kaamsha mambo, kasimama kwenye baraza akasema hakubali mapato ya ndani ya mwaka huu yaende tena kumalizia boma la zahanati wakati zahanati iliyopo ina nesi mmoja na kabati la dawa limebaki na paracetamol, anataka hela ilipe watumishi wa mkataba na dawa kwanza. Wenzake wamemzomea, na wanakijiji wa lile boma ndo kabisa hawataki kumuona maana tofali walifyatua wenyewe.

Mimi niko na diwani. Toka ule Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa 2007, zahanati kila kijiji kituo cha afya kila kata, hii nchi imejua kujenga. Ikaja tozo ya miamala 2021, ikaja ile trilioni 1.3 ya UVIKO, kote tumeona mabati mapya. Jengo linaonekana, mbunge anakata utepe, ila sijawahi kuona mwenge ukizindua nesi. Nesi unamlipa kila mwezi, na ajira ya kudumu halmashauri haina ubavu nayo, inasubiri kibali cha ofisi ya Utumishi huko serikali kuu, ndo maana kila mtu anakimbilia saruji.

Kuhusu dawa watu wanadhani mganga anaiba tu. Wapo wezi sikatai, ila Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito, mtoto chini ya miaka 5 na mzee wa zaidi ya 60 asiyejiweza wanatibiwa bure. Sawa kabisa, lakini kijijini hao ndo wateja wengi na gharama yao hairudi, kituo kinabaki na vihela vya papo kwa papo na vya CHF, ile bima ya mfuko wa afya ya jamii, na CHF yenyewe imekuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita mwaka mzima, yani 5,000 kwa kichwa!! MSD, yani bohari ya dawa ya serikali, wakisema hawana mzigo inabidi kituo kikanunue kwa mshitiri, yule msambazaji binafsi aliyeidhinishwa, na mshitiri hauzi kwa maneno.

Haya semeni.

Mkulima wa Ufuta: Wewe na diwani wako mnaishi karibu na zahanati ndo maana. Sisi masika mto ukijaa boda haipiti, mama akishikwa uchungu usiku hiyo dawa mliyojaza huko inamfikiaje? Af serikali imekuwa ikileta milioni 50 kumalizia boma moja, halmashauri ikionyesha haina mpango nalo hizo 50 zinaenda kwa wenzetu.

Mtoa mada: Mto nauelewa mkuu, ila boma likiisha nani anakaa humo? Kama ni kumgawa huyu nesi mmoja basi mtapata zahanati mbili zinazofungwa kwa zamu.

Dada wa Kituoni: Mimi nafanya kazi humo humo, mnanichekesha. Toka 2017/18 hela ya mfuko wa pamoja wa wafadhili wa afya inaingia moja kwa moja akaunti ya kituo, haipitii tena kwa mkurugenzi. Kuna kamati ya usimamizi, wajumbe ni wanakijiji na wao ndo wanapitisha matumizi, waulize mwezi uliopita wamepitisha shingapi wanakuangalia tu. Dawa zikija wanatakiwa wawepo kuhesabu maboksi, ukiwapigia swali la kwanza ni kama kuna posho. Diwani aanzie hapo kabla ya kupiga kelele barazani.

Kijiwe Nongwa: Posho!! Na yeye je? Zile ziara za mafunzo za madiwani zinatoka mapato ya ndani hayo hayo, hiyo kaitaja?

Mtoa mada: Hakuigusa, na hapo ndo wenzake walipomkamatia.

Kijiwe Nongwa: Basi anatuchezea.

Mzee wa Takwimu: Mnagombania makombo ndugu zangu. Abuja 2001 marais wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende afya, tukaacha wafadhili wabebe. 2025 Marekani wakasitisha misaada, vijana waliokuwa wanalipwa na miradi kwenye kliniki za VVU wakarudi nyumbani, kazi ikabaki kwa nesi huyo huyo. Sheria ya bima kwa wote imepita 2023, sa mtu unamwambiaje alipie bima halafu aandikiwe dawa akanunue duka la nje?

Mtoa mada: Mimi nadhani ile milioni 50 ya serikali kuu iletwe imalize boma, mapato ya ndani yasiguse tofali, yaende mshahara wa nesi wa mkataba na nyumba yake, maana bila nyumba hakai.

Mkulima wa Ufuta: Nyumba ya nesi tofali tutafyatua, haina shida. Ila bati la zahanati lipande kwanza, tumeshaahidiwa nesi humu na madiwani wawili waliopita.

Dada wa Kituoni: Na huyo nesi mkataba wake ukiisha msije kumdai hapa kituoni, muulizeni diwani.